Sura ya Tano: Majani ya Miteremko Mikavu

Mtu akiulizwa ni wapi duniani mimea ya aina nyingi imesongamana pamoja, atajibu kuwa ni msituni, na ana haki ya kujibu hivyo. Katika hekta moja ya msitu wa mvua nchini Ecuador zimehesabiwa spishi 942 za mimea. Lakini jibu hilo linategemea ukubwa wa eneo tunaloliangalia. Tukilipunguza hadi mita mraba moja, msitu unaachwa nyuma. Rekodi ya dunia kwa mita mraba moja ni spishi 89, nayo imetoka kwenye nyasi za milima ya Córdoba, Argentina. Kwa mita mraba 10 rekodi iliyojulikana mwaka 2012 ilikuwa spishi 98, katika mteremko wa nyasi karibu na mji wa Cluj, Transylvania, nchini Romania. Kwa mita mraba 49 ni spishi 131, katika nyasi za Karpati Nyeupe, milima ya wastani iliyo mpakani mwa Jamhuri ya Czech na Slovakia. Takwimu hizo zilikusanywa na kulinganishwa mwaka 2012 na J. Bastow Wilson, Robert Peet, Jürgen Dengler na Meelis Pärtel, nao walionyesha kwamba msitu wa mvua huanza kuongoza pale tu eneo linapofikia mita mraba 100.

Tandika kanga moja chini. Eneo inalofunika ni kubwa kidogo kuliko mita mraba moja. Ndani ya nafasi pungufu ya hiyo, kule Córdoba, mimea ya aina 89 imesimama bega kwa bega, kila mmoja na mizizi yake, majira yake ya kuchanua na njia yake ya kustahimili kiu. Msitu hauwezi kufanya hivyo kwa sababu nyepesi tu: mti mmoja mkubwa unaijaza kanga yote kwa shina lake.

Sura hii inahusu nyasi kavu za milimani, hasa za Ulaya, kwa kuwa huko ndiko zimechunguzwa kwa muda mrefu kuliko kwingine na ndiko elimu ya kuziainisha ilikozaliwa. Nitarudi nyumbani mwishoni, kwa sababu yaliyotokea huko yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mabonde yasiyopata mvua

Milima ya Alpi inajulikana kwa theluji na kwa malisho mabichi ya ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo, katikati yake kuna mabonde makavu. Sababu ni ile ile wanayofundishwa watoto wetu katika somo la jiografia. Mawingu yanayotoka Atlantiki hupandishwa na safu za kaskazini, hupoa na kumwaga maji hukohuko, na yakishavuka hayana tena cha kutoa. Yanayotoka Mediterania hukutana na safu za kusini, mambo yakawa yale yale. Mji wa Sion, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na cha Dodoma, ilhali vilele vya safu iliyo kaskazini yake, mwendo mfupi tu, hupata zaidi ya milimita 2,000. Bonde la Vinschgau, kaskazini mwa Italia, ni kavu zaidi, kwa kiasi cha milimita 500. Miteremko inayotazama kusini hupigwa na jua kutwa nzima, na adhuhuri ya kiangazi uso wa udongo unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi.

Watu wa mabonde hayo hawakukaa kusubiri mvua. Walichimba mifereji, mingine ikipita ubavuni mwa majabali, ili kushusha maji ya theluji hadi mashambani. Ni kazi ile ile ambayo Wachaga waliifanya kwa mifongo ya Kilimanjaro, bila upande mmoja kujua habari za mwingine. Palipofika mfereji pakawa na zabibu, matunda na nyasi za kukata. Pasipofika pakabaki nyasi kavu, na hizo ndizo tunazozifuata.

Mwenyeji mkuu wa miteremko hiyo ni nyasi ndogo yenye jina la kisayansi Festuca valesiaca, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya Valais. Huota kwa vishungi vilivyobanana. Jani lake ni jembamba, limejikunja kwa urefu likaficha ndani vile vitundu vya kupumulia, na nje limepakwa nta inayolipa rangi ya kijivu kuelekea buluu. Majani yaliyokufa hayaanguki upesi. Hubaki yakizunguka shina na kulitia kivuli, hivyo mmea unajifunika kwa maiti zake wenyewe. Kati ya kishungi na kishungi panabaki udongo mtupu, pengine upana wa kiganja, na katika nafasi hiyo huota mimea ya msimu inayochipua, kuchanua na kutoa mbegu kabla joto halijakolea.

Jirani yake ni Stipa pennata, nyasi yenye manyoya. Mbegu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ncha ya chini ni kali kama sindano na imezungukwa na vinyweleo vigumu vinavyoelekea juu. Kutoka upande wa juu unachomoza uzi mrefu, unaoweza kufika sentimita 30, ambao sehemu yake ya chini imesokotwa kama kamba, katikati umepinda goti, na sehemu ya juu ina manyoya meupe yanayong'aa juani. Upepo hushika manyoya na kuipeleka mbegu mbali. Ikitua, manyoya hukwama kwenye majani ya jirani. Usiku unyevu unapoingia, msokoto hufunguka. Mchana ukavu ukirudi, hujisokota tena. Kila mara mbegu huzungushwa, na vile vinyweleo huizuia isirudi nyuma, kwa hiyo inazama kidogo kidogo ardhini mpaka ifike kina ambacho jua haliwezi kuikausha. Mmea hauna misuli wala akili, lakini unalima shimo lake wenyewe kwa kutumia tofauti ya mchana na usiku.

Ndugu wa nyasi hizi wameenea Ukraine, kusini mwa Urusi na Kazakhstan, kwenye nyika zinazochukua siku kuzivuka kwa treni. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba walioko Alpi ni tawi dogo tu la wale wa mashariki, lisilo na upekee wowote. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mimea na wadudu wa sehemu hizo, na picha ikabadilika. Jamii nyingi za Alpi zilikwisha kutengana na za mashariki muda mrefu sana kabla ya mwisho wa enzi ya barafu iliyopita. Zimekaa peke yake, zikawa na ukoo wake. Anayelima mteremko wa Valais kwa hoja kwamba Kazakhstan imejaa majani yale yale anafuta kitu ambacho Kazakhstan haina.

Kwa nini udongo maskini una mimea mingi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mkulima anajua kwamba shamba lenye rutuba huzaa zaidi. Ni kweli, lakini kuzaa sana na kuwa na aina nyingi ni mambo mawili. Ukitia mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwenye nyasi, mimea michache iliyo na uwezo wa kukua haraka hujinyakulia chakula chote, hurefuka, na kuwafunika wengine. Mmea mfupi haufi kwa njaa, bali kwa kukosa mwanga. Mwisho wa yote mzigo wa majani umekuwa mkubwa na orodha ya majina imekuwa fupi.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1856, huko Rothamsted nchini Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walianza kutia mbolea za namna mbalimbali kwenye vipande vya uwanja mmoja wa nyasi, na jaribio hilo linaendelea mpaka leo. Uwanja ule hauko mlimani wala si mkavu, lakini fundisho lake ni la kila mahali. Vipande visivyopewa kitu vina spishi zipatazo 40. Vilivyopewa dozi kubwa za amonia bila chokaa vimebaki na spishi mbili au tatu.

Mteremko mkavu wa milimani umenyimwa kila kitu ambacho kingempa mmoja nguvu ya kuwatawala wengine. Udongo ni wa kina kifupi, umekaa juu ya mwamba, mara nyingi wa chokaa, na fosforasi yake imefungwa na chokaa hiyo isitolewe kwa urahisi. Kiangazi kinaua kila anayejaribu kurefuka. Kwa hiyo hakuna bwana. Kila mmea unachukua kidogo, mmoja kwa mzizi unaozama mita nzima, mwingine kwa mizizi iliyotandaa juujuu, wa tatu kwa kuhifadhi chakula katika kiazi, wa nne kwa kuunyonya mzizi wa jirani. Huyo wa nne ana kazi kubwa kuliko umbo lake. Mimea ya jenasi Rhinanthus, yenye maua ya njano, hujichomeka katika mizizi ya nyasi na kuzidhoofisha, na penye Rhinanthus wengi utaona nyasi zimepungua nguvu na maua ya aina nyingine yamepata nafasi.

Lakini ukavu peke yake hautoshi. Palipo pakavu kupita kiasi mimea ni michache, kwa kuwa wachache tu ndio wanaoweza kuishi. Rekodi za Transylvania na Karpati Nyeupe zimetoka kwenye nyasi za ukavu wa wastani, na zote mbili zina historia ya mkono wa mtu. Čertoryje, ile sehemu ya Karpati Nyeupe yenye spishi 131, ni eneo la mialoni iliyotawanyika na nyasi ambazo wanakijiji wamezikata kwa vizazi na vizazi, mara moja kwa mwaka, ili kupata hei ya mifugo wakati wa baridi. Mkataji alikuja katikati ya kiangazi na mundu wa mpini mrefu, akaangusha majani, akayaacha yakauke juani, kisha akayabeba. Kwa kuyabeba aliondoa rutuba mwaka hadi mwaka. Kwa kuyakata alihakikisha hakuna kichaka kinachoota na hakuna nyasi ndefu inayotia kivuli. Na kwa kuwa alikuja wakati mimea mingi imekwisha kudondosha mbegu, hakuikatia kizazi.

Ushahidi wa chavua na wa magamba ya konokono uliochimbwa huko unaelekea kuonyesha kwamba sehemu za milima hiyo hazijawahi kufungwa kabisa na msitu tangu enzi ya barafu iishe. Moto, wanyama wa porini, kisha wafugaji na wakataji walipokezana kuziacha wazi. Miaka elfu nyingi ya mwanga usiokatika ndiyo iliyowezesha mimea kukusanyika, mmoja baada ya mwingine. Hilo ni jambo la kulishika, maana mtu anaweza kuliharibu kwa trekta katika asubuhi moja.

Karani aliyeihesabu milima

Josias Braun alizaliwa mwaka 1884 mjini Chur, Uswisi, na alianza maisha ya kazi kama karani. Mimea aliisoma kwa mapenzi yake, akipanda milima ya Graubünden kila alipopata nafasi, mpaka wataalamu wa chuo wakamtambua. Mwaka 1915 alimwoa Gabrielle Blanquet, mwanamke aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, na wakaunganisha majina yao, ndiyo maana duniani anajulikana kama Braun-Blanquet. Mwaka 1928 alichapisha kitabu chake kikuu juu ya jamii za mimea, mwaka 1930 akaanzisha kituo cha utafiti mjini Montpellier, Ufaransa, na mwaka 1961, akiwa amevuka miaka 75, akatoa kitabu kizima kuhusu mimea mikavu ya ndani ya Alpi, kuanzia Provence mpaka Steiermark nchini Austria. Alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 96.

Swali lake lilikuwa hili: mimea inayoota pamoja, inaota pamoja kwa bahati au kwa utaratibu? Na kama ni kwa utaratibu, tunawezaje kuuandika ili mtu wa Montpellier na mtu wa Warsaw wazungumze kitu kimoja?

Njia aliyoipendekeza inaweza kufanywa na yeyote mwenye kamba, kalamu na subira. Unachagua kipande ambacho mimea yake inafanana tangu ukingo hadi ukingo. Unakipima kwa kamba na vigingi. Unapiga magoti na kuandika jina la kila mmea ulio ndani, usiuache hata ule wenye majani mawili tu. Halafu kila jina unalipa alama ya wingi. Mmea ulioonekana mmoja tu unapewa herufi r, uliopo kwa uchache alama ya kujumlisha, ulio mwingi lakini haujafunika asilimia 5 ya ardhi namba 1, na kuendelea hadi namba 5, yaani umefunika zaidi ya robo tatu. Chini unaandika mwinuko, mwelekeo wa mteremko, ukali wake na aina ya mwamba. Kipimo kimoja kizuri katika nyasi zenye utajiri hula nusu siku.

Watafiti wa sasa wameongeza jambo. Kundi la wataalamu wa nyasi kavu lililoundwa Ulaya mwaka 2008, na ambalo safari yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa Transylvania mwaka 2009, hupima viwanja vilivyoingiana. Kiwanja kikubwa kina mita mraba 100, na katika pembe zake vinapimwa vidogo ndani ya vidogo, hadi kufikia kimoja chenye upande wa sentimita moja. Katika hicho cha mwisho unatazama karibu pua iguse ardhi, ukiuliza ni jani la nani linalopita juu ya sentimita hiyo. Ndivyo tulivyojua kwamba utajiri wa nyasi na utajiri wa msitu hupishana kadiri eneo linavyokua.

Vipimo vikishakusanywa, kazi nyingine huanza mezani. Kila kipimo kinakuwa safu ya kusimama, kila mmea unakuwa mstari wa kulala, na mwanzoni jedwali zima ni vurugu ya nukta. Enzi za Braun-Blanquet walilikata jedwali vipande vya karatasi na kuvihamisha kwa mkono, siku nzima, wakitafuta mpangilio. Hamisha safu hii karibu na ile, pandisha mstari huu, shusha ule, na polepole alama zinaanza kukusanyika katika matofali. Tofali moja lina Stipa na wenzake, na vipimo vyake vyote, ukiangalia maelezo ya chini, vimetoka miteremko mikali inayotazama kusini. Tofali jingine lina mimea inayotaka unyevu kidogo, na vipimo vyake vimetoka vibonde na miguu ya milima. Hukuiambia mimea ijipange hivyo. Imejipanga yenyewe, nawe umeisoma. Siku hizi kuna programu za kompyuta za kufanya upangaji huo, na ile inayotumiwa sana Ulaya leo, JUICE, iliandikwa na Lubomír Tichý wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno. Hata hivyo jicho la mtu aliyepiga magoti mlimani halijapata mbadala.

Kila tofali lililothibitika linapewa jina na kuwekwa katika ngazi nne. Ya chini kabisa ni jamii, ambayo jina lake huishia na -etum. Jamii zinazofanana huunda muungano, unaoishia na -ion. Miungano huunda oda, inayoishia na -etalia, na oda huunda ngeli, inayoishia na -etea. Karibu nyasi zote kavu zenye chokaa za Ulaya ya kati zimo katika ngeli inayoitwa Festuco-Brometea, kutokana na Festuca tuliyoiona na Bromus, nyasi nyingine mwenyeji wa huko. Ndani yake, nyasi kavu kabisa za Vinschgau na Engadine zina muungano wake, Stipo-Poion, na zile tajiri za Karpati na Transylvania zina wa kwao, Cirsio-Brachypodion. Mwaka 2016 Ladislav Mucina na wenzake walichapisha orodha ya uoto wa Ulaya nzima. Kwa mimea yenye mishipa ilikuwa na ngeli 109, oda 300 na miungano 1,108. Ni kazi ya karne moja katika chapisho moja.

Wapo waliolipinga wazo lenyewe. Henry Gleason, Mmarekani, aliandika mwaka 1926 kwamba kila mmea unafuata mahitaji yake binafsi, na kwamba kinachoitwa jamii ni watu waliokutana kituoni wakisubiri gari. Kwa hoja yake, mipaka ni ya mchoraji, wala si ya mlima. Robert Whittaker alipopima mimea ya milima ya Marekani baadaye alikuta spishi zikipungua na kuongezeka moja moja kufuata mwinuko, bila ukuta kati ya kundi na kundi. Nadhani Gleason alikuwa na haki kuhusu mimea, na Braun-Blanquet alikuwa na haki kuhusu sisi. Hakuna mstari mlimani unaotenganisha nyasi kavu na za ukavu wa wastani. Lakini bila kukubaliana mahali pa kuuchora, hatuwezi kusema ziko ngapi, ziko wapi, wala kama zinapungua.

Jina na sheria

Tarehe 21 Mei 1992 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha sheria ya kulinda makazi ya viumbe. Kiambatisho chake cha kwanza ni orodha ya makazi, na namba 6210 ndani ya orodha hiyo ni nyasi kavu za ardhi ya chokaa, zikitambulishwa kwa jina la uainishaji la Festuco-Brometalia. Namba hiyo inapewa kipaumbele pale ambapo eneo lina okidi muhimu. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mtu akitaka kujenga barabara au kulima mteremko ulioingizwa katika mtandao wa hifadhi uitwao Natura 2000, hawezi kusema kwamba ni majani tu. Atakutana na namba, na nyuma ya namba kuna jina, na nyuma ya jina kuna maelfu ya vipimo vya watu waliopiga magoti.

Sheria haikukomesha upotevu. Mabonde ya Alpi yalipopata mabomba ya kunyunyizia maji na mbolea za viwandani, mashamba ya tufaha yalipanda miteremko ambayo mifereji ya zamani haikuifikia. Kule Karpati, sehemu za nyasi zililimwa wakati wa mashamba ya pamoja ya serikali. Lakini adui anayefanya kazi kimya kuliko wote ni kuachwa. Vijana wanahamia mijini, ng'ombe wanapungua, mundu unatundikwa, na baada ya miaka michache miiba na mireteni inaota. Kwanza inaonekana kama kijani kinarudi. Miaka 30 baadaye kuna kichaka kizito chenye spishi chache, na mimea iliyokusanyika kwa miaka elfu imekwisha. Katika Karpati Nyeupe wameanza kurudisha: mbegu zinavunwa kutoka nyasi za zamani za mahali pale pale na kupandwa kwenye mashamba yaliyoachwa, na mamia ya hekta yamerejeshwa namna hiyo. Inasaidia. Haifikii ile ya asili.

Kosa moja la Vinschgau ningependa lisomwe na kila ofisa wa misitu wa Afrika Mashariki. Miteremko yake mikavu ilionekana na wakuu wa zamani kama ardhi iliyoharibiwa, iliyonyang'anywa msitu wake, na kwa vipindi tofauti tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20 ikapandwa misindano myeusi ya Austria, Pinus nigra. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko na kupata mbao. Chini ya misindano hiyo Stipa haioti. Waliopanda hawakuwa watu wabaya. Waliona mlima usio na miti na hawakuwa na jina la kile kilichokuwepo.

Nyumbani tunafanya hivyo hivyo sasa. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina nyasi za milimani ambazo si kavu kama za Valais, kwa kuwa mvua ni nyingi, lakini zina sifa zile zile: udongo usio na fosforasi ya kutosha, mwanga tele, na mimea mingi inayojificha ardhini kwa viazi wakati wa kiangazi na moto. Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ina kilomita mraba 413 na mimea ipatayo spishi 350, zikiwemo okidi 45, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilipata hifadhi kwa ajili ya maua yake, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika Afrika ya kitropiki kabla yake. Nje ya mpaka wake, sehemu kubwa ya nyasi za Mufindi na Njombe imekwisha kugeuzwa mashamba ya misindano, chai na mikaratusi.

Hatukosi elimu ya kuanzia. D. J. Pratt, P. J. Greenway na M. D. Gwynne walichapisha uainishaji wa malisho ya Afrika Mashariki mwaka 1966. Frank White alichora ramani ya mimea ya Afrika nzima mwaka 1983. Andreas Hemp amepima mimea ya Kilimanjaro kwa njia ile ile ya Braun-Blanquet, na huko juu utakuta Koeleria na Festuca, jenasi zile zile zilizoko Alpi. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Usambara, na kuhamia Nairobi mwaka 1950, ina mimea iliyokaushwa ya kutosha kumsaidia mtu kujua jina la karibu kila nyasi. Kinachokosekana ni ngazi za chini, zile za jamii na muungano. Kwenye ramani nyingi zinazotumika ofisini, nyasi za Kitulo, za Mbulu, za Mau na za Elgon zimepakwa rangi moja na kuandikwa neno moja, na kitu kisicho na jina lake hakiwezi kuandikwa katika sheria wala katika hati ya tathmini ya mazingira.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanafunzi wa botania wa Sokoine, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi, na kwa maofisa wanaogawa ardhi ya kupanda miti, ni dogo na linatekelezeka. Kabla shimo la kwanza la mche halijachimbwa kwenye mteremko wa nyasi, pimeni mita mraba 10 kwa kamba, pigeni magoti, andikeni kila mmea, na pelekeni nakala Hebaria. Fanyeni hivyo mwezi wa maua na mrudie mwezi wa kiangazi. Vipimo 200 vya namna hiyo vinatosha kuanza jedwali la kwanza la nyasi za Nyanda za Juu Kusini, na vinaweza kukamilika ndani ya misimu miwili ya mvua.